Siku Niliyofuata Wigi la Bluu

Binti yangu alianza kuosha vyombo bila kuambiwa siku ya Jumatatu, na ilipofika Alhamisi nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, umri ambao mtoto hasugui sufuria ya ugali kwa hiari yake ila ana jambo. Mama yake aliliona hilo kabla yangu, lakini akaacha vyombo viendelee kung'aa.

Alhamisi hiyo tukiwa mezani, nyumbani kwetu Mlandege mjini Iringa, akasema kuna tamasha kubwa la mashabiki Mbeya, na anaomba kwenda.

"Mashabiki wa timu gani?" nikauliza.

"Si mpira, baba. Mashabiki wa anime."

Nilijua anime ni zile katuni za Kijapani alizokuwa anaangalia kwenye simu ya mama yake mpaka bando linakwisha. Sikujua kama zina mashabiki wengine zaidi ya yeye na binamu yake wa Mafinga. Akanieleza taratibu, kama mwalimu anayemweleza mwanafunzi aliyehamia katikati ya muhula. Watu wanavaa kama wahusika wanaowapenda. Wanapigana kwa panga za maboksi, wanauza michoro, wanacheza gemu, wanapanda jukwaani. Watatoka Dar, Dodoma, Songea, wengine mpaka Zambia. Watakuwa maelfu.

Neno maelfu ndilo lililoniharibia chakula.

"Hapana," nikasema.

Hakulia wala hakubisha. Alisimama, akakusanya sahani, pamoja na yangu ambayo bado ilikuwa na nyama.

Baadaye mke wangu akanikuta uani nikijifanya nakagua kamba ya kuanikia nguo. Akaniambia, "Leo ana miaka kumi na miwili, ukisema kitu anakusikiliza. Akifika kumi na sita atakwenda bila kukuuliza, na hakuna atakayekuwa amemfundisha namna ya kwenda."

"Sasa nani atampeleka?"

Yeye wikiendi hiyo alikuwa na harusi ya kuimbia, na kwaya bila yeye haianzi. Nikataja ndugu mmoja, nikataja jirani, akawa anatikisa kichwa tu. Ndipo nikaelewa kwamba wakati vyombo vinaoshwa, wawili hao walikuwa wameshapanga, na mimi ndiye niliyebaki kuambiwa. Mimi ni muuza pembejeo, mtu wa mbegu na mbolea. Tamasha pekee nililowahi kuhudhuria kwa moyo wangu wote ni Nanenane, na huko nilikwenda kuangalia matrekta.

Dada yangu wa Mafinga alipopigiwa simu kuhusu mwanawe, alikubali mara moja. "Kaka, kama unakwenda wewe, mimi sina wasiwasi," akasema, na maneno hayo yakaniongezea wa kwangu. Mpwa wangu huyo alikuwa msichana wa miaka kumi na moja, mtoto wa kuongea kwa kubana matumizi. Ukimuuliza habari za shule anasema nzuri. Ukimuuliza habari za nyumbani, nzuri. Ukinyamaza, naye ananyamaza bila kuona shida yoyote.

Alipokuja kwetu kwa mapumziko ya mwisho wa wiki, nikawaita wote kikao cha sheria. Sheria yangu ya kwanza ilikuwa kwamba watanishika mkono muda wote. Binti yangu akauliza atashikaje mkono wangu, upanga na simu, wakati Mungu amempa mikono miwili. Ya pili ilikuwa kwamba hawatazungumza na mtu yeyote wasiyemjua. Akasema katika hao maelfu wanayemjua ni mimi tu, basi watakuwa wanazungumza na mimi siku nzima, na hilo wanaweza kulifanya hapahapa Mlandege bila nauli. Mpwa wangu aliitikia kwa kichwa kila mwenzake alipomaliza.

Mke wangu, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akasogeza ungo akatuokoa. Wawili hawa watakuwa pamoja kila mahali, akasema, hata chooni mmoja anamsubiri mwenzake mlangoni. Namba ya baba itaandikwa kwa kalamu kwenye mkono, ndani ya shati, kwa sababu simu huishiwa chaji lakini mkono hauishiwi. Wakifika tu wachague mahali pamoja pa kukutania. Anayetaka kuwapiga picha aombe kwanza, na picha ipigwe palepale walipo watu. Na asiwepo mtu wa kuwatoa nje ya viwanja, hata akija analia kwamba baba ameanguka, ila akitaja neno la siri la familia.

Neno la siri liliwafurahisha kuliko vyote. Wakapendekeza maneno ya Kijapani, nikasema hayo mimi mwenyewe sitaweza kuyatamka. Mwisho binti yangu akasema liwe mbalaga, zile ndizi ambazo bibi yake wa Mbeya hupika tukienda kumtembelea. Nikakubali. Mimi ni Mhehe, kwangu chakula ni ugali, lakini neno ni neno.

"Na wewe," mke wangu akamalizia akinitazama, "usiwafuate nyumanyuma kama kuku na vifaranga. Wakikuona kila wanapogeuka, hawatajifunza kitu."

Nikaahidi. Niliahidi kwa mdomo.

Maandalizi yakaanza. Binti yangu alitaka kuwa mpiganaji fulani mwenye koti jeupe na nywele za bluu zinazofika kiunoni. Wigi lilipatikana saluni, lilikuwa limekaa kwenye rafu muda mrefu likisubiri mtu jasiri. Fundi cherehani alipoona vifungo vya dhahabu kwenye koti jeupe alituuliza kama ni kipaimara. Mpwa wangu alikuwa anashona vazi lake mwenyewe huko Mafinga, kwa pazia la kijani la zamani, na hakumwambia mtu atakuwa nani. Kitu pekee alichoomba ni upanga, na baba yake ni seremala. Nadhani shemeji hajui kutengeneza kitu cha mzaha. Aliombwa upanga wa kuchezea, akatoa kitu kilichonyooka na kulainishwa kiasi kwamba ungeweza kukiingiza kwenye fenicha za ofisi.

Upanga huo ndio uliokuja kutuletea maneno ya kwanza siku ya safari. Basi letu la kutoka Iringa liliposimama Mafinga, mpwa wangu akapanda na mzigo mrefu uliofungwa kwenye khanga.

"Hiyo ni nini?" konda akauliza.

"Upanga," mtoto akajibu.

Mama mmoja wa mbele akamvuta mtoto wake karibu. Nikasimama haraka, nikaeleza kwamba ni wa mbao, ni wa tamasha, na mtoto ni wangu. Konda akafungua khanga kidogo, akapitisha kidole, akanusa.

"Paina," akasema. "Imepigwa randa vizuri." Akaupandisha kwenye sehemu ya mizigo kwa mikono miwili, kwa heshima. Pale Mafinga mbao wanaijua.

Tulifikia kwa mama mkwe wangu, anayekaa juu ya Uyole, Mbeya, kwenye mteremko wa viazi, peke yake tangu baba mkwe afariki. Nieleze kwanza uhusiano wetu. Tunaheshimiana sana, kiasi kwamba kwa miaka yote hii hatujawahi kumaliza mazungumzo. Nikiwa kwake nakaa wima kwenye kiti, sinyooshi miguu, na sijawahi kuongeza sahani ya pili hata nikiwa na njaa. Yeye huniita mkwe au baba, mimi namwita mama, na baada ya hapo tunaulizana mvua.

Jioni hiyo wasichana walipomaliza kumpa shikamoo, wakamweleza tamasha kwa kurukiana maneno, yaani mmoja akieleza na mwingine akiitikia kwa kichwa. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Watu wangapi?" akauliza.

"Maelfu, bibi."

"Na anayewapeleka ni nani?"

"Baba."

Akanitazama. "Mwanaume mmoja," akasema, na kinywani mwake ilisikika kama nusu. "Basi na mimi nakwenda."

Asubuhi binti yangu alitoka chumbani na koti lake na wigi la bluu, akiwa tayari kupambana na dunia. Mpwa wangu akatoka na joho la kijani lililoshonewa majani ya kitambaa, mamia ya majani, na usoni alikuwa amejichora mistari ya kahawia kama gome la mti. Nikamuuliza yeye ni nani.

"Mtaona," akasema.

Kisha akatoka bibi. Alikuwa amevaa sare kamili ya umoja wa kinamama wa kanisani kwake, gauni la zambarau, kitambaa cheupe kichwani, utepe wa cheo kifuani na mwavuli mkononi.

"Si mmesema watu wanavaa sare?" akauliza.

Wasichana wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha, na mimi kama mkwe ndiyo kabisa.

Langoni palikuwa na foleni ndefu na vijana wa usalama waliovaa vizibao vya rangi ya machungwa. Walikuwa wanakagua kila silaha. Za sponji na maboksi zilipita. Upanga wa shemeji walijaribu kuupinda, haukupindika, wakaitana. Mwishowe wakaufunga utepe mwekundu na kumwambia mwenyewe kwamba akiuzungusha hata mara moja utalala mezani kwao. Kila mtoto akafungwa karatasi mkononi yenye namba ya simu ya mzazi. Nikawapenda sana wale vijana. Nikamwambia mmoja wao kwamba wanafanya kazi nzuri na waendelee na ukali uleule. Akanishukuru.

Ndani kulikuwa na kelele za kila aina. Palikuwa na mahema ya gemu, meza za michoro, spika zenye urefu wa mlango, watu wenye mabawa, watu wenye mikia, kijana mmoja mrefu ndani ya roboti la maboksi akinywa juisi kwa mrija kupitia tundu la shingo. Wasichana wangu walisimama wakashikana mikono wenyewe bila kuambiwa. Wakachagua mahali pa kukutania, chini ya tangi kubwa la maji lenye benchi, linaloonekana kila upande. Bibi akaketi, akafungua mwavuli.

"Mimi nipo hapa," akasema. "Mkipotea nyie, mimi sipotei."

Tukakubaliana watakuwa wanazunguka na kurudi, kila wakimaliza jambo moja waje wajionyeshe kabla ya kwenda lingine. Wakaondoka. Nikakaa kwenye benchi pamoja na mama mkwe wangu, tukaulizana mvua. Walirudi mara ya kwanza, wakaenda. Walirudi mara ya pili na stika mashavuni, wakaenda. Kila kitu kilikwenda kama alivyopanga mke wangu, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Soda yangu ilipokwisha nikasimama.

"Naenda chooni mara moja, mama."

"Choo kiko kule," akasema, akionyesha upande tofauti na ule niliokuwa nimeshaanza kuelekea.

Niliwatafuta kwa muda kisha nikaliona wigi la bluu likikatiza kwenye meza za michoro, koti jeupe chini yake. Nikalifuata kwa mbali. Nilikumbuka maneno ya mke wangu kuhusu kuku na vifaranga, nikajiambia kwamba kuku huonekana, mimi sitaonekana. Pale kwenye meza palikuwa na mtu anauza barakoa za karatasi. Nikanunua yenye uso wa paka, nikaivaa. Nilipojitazama kwenye kioo chake kidogo niliridhika kabisa. Hakuna ambaye angemtambua muuza mbolea wa Iringa.

Wigi likaingia hema la gemu, nikasimama mlangoni. Likatoka, nikajibanza nyuma ya lile roboti. Roboti likasogea, ikabidi nisogee nalo. Likaenda kwenye foleni ya chipsi, na hapo ndipo nilipogundua jambo lililonichemsha damu. Alikuwa peke yake. Joho la kijani halikuwepo popote. Sheria ya mama yake, ile ya kwanza kabisa, imevunjwa kwa ajili ya chipsi. Nikatembea moja kwa moja, nikamwekea mkono begani.

"Mwenzako yuko wapi?" nikasema kwa sauti ya baba.

Mtoto akageuka. Alikuwa na nywele zilezile za bluu, koti lilelile, vifungo vilevile, lakini sura haikuwa ya mwanangu. Alitazama uso wa paka akapiga hatua nyuma, na mama mmoja mnene mwenye sahani ya chipsi akajitokeza katikati yetu kama mlango unaofungwa.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Samahani, mama, nilidhani ni mwanangu."

"Hujui sura ya mwanao?"

"Nilikuwa naona mgongo."

"Najua ulikuwa unaona mgongo. Nimekuona tangu kwenye michoro. Nimekuona kwenye gemu. Nimekuona nyuma ya roboti." Aligeuka kidogo kuwaeleza waliokuwa kwenye foleni. "Huyu anahama na roboti."

Nikavua barakoa, lakini kuvua barakoa mbele ya umati hakumfanyi mtu aonekane mwema. Roboti nalo lilikuwa limefika, likathibitisha kwamba ni kweli lilihisi mtu nyuma. Hapo msichana mmoja wa kizibao cha machungwa akanishika kiwiko kwa adabu.

"Mzee, naomba tuongee pembeni."

Katika yote ya siku hiyo, lile neno mzee liliniumiza kivyake. Nina miaka arobaini na kidogo.

Wakanipeleka kwenye hema la usalama, yule mama akinifuata na sahani yake ili asikose ushahidi. Nikainama kuingia, na mtu wa kwanza niliyemwona ndani ni mama mkwe wangu. Alikuwa amekaa wima, mwavuli umesimama kati ya magoti. Kushoto kwake binti yangu, kulia kwake mpwa wangu na upanga wenye utepe. Mbele yao dada mmoja mwenye miwani, mkubwa wa wale vijana, alikuwa anazungumza nao kwa sauti ya chini. Akanitazama mimi, akatazama paka mkononi mwangu, akawageukia watoto.

"Ndiye huyu?"

Sikuelewa kwa nini anauliza hivyo. Binti yangu alinitazama kwa muda uliozidi ule nilioupenda.

"Siye," akasema. "Huyu ni baba."

"Una uhakika?"

Nikaona tabasamu linaanza pembeni ya mdomo wake. "Muulizeni neno la siri."

Hema likanigeukia. Nami nikasahau. Nilikumbuka kwamba ni chakula. Nilikumbuka kikao, ungo wa mchele, hata sauti ya mke wangu, lakini lile neno lenyewe liliondoka.

"Viazi," nikasema.

Mama mkwe akafumba macho.

"Kande?"

"Huyu hajui," yule mama wa chipsi akasema.

Nikamtazama mama mkwe, kwa sababu nilijua chakula hicho hupikwa jikoni kwake, nikaona sufuria yake nyeusi, nikaona ndizi ndani yake. "Mbalaga," nikasema. "Ni mbalaga."

"Ni yeye," binti yangu akawaambia.

Bibi akafumbua macho. Akasema kwa Kiswahili cha polepole ili kila mtu aelewe, "Ni mkwe wangu. Ni mtu mwema, ila hasikii." Na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kucheka. Dada wa miwani alicheka, roboti lililokuwa limechungulia mlangoni lilicheka, na yule mama alicheka mpaka akanisogezea sahani nichukue chipsi. Nilichukua.

Kisha nikauliza wao walikuwa wanafanya nini pale, na kicheko kikapungua.

Kulikuwa na mwanaume mwenye kamera kubwa. Aliwaomba picha vizuri, wakakubali, akawapiga palepale mbele ya watu. Akalisifia joho la kijani. Kisha akasema mwanga ni mzuri zaidi nyuma ya ukumbi, kule kwenye magari, na angemhitaji mmoja tu, huyu wa majani, kwa sababu koti jeupe linaharibu picha. Dakika moja tu. Haya yote binti yangu ndiye aliyeyaeleza.

"Nikamwambia tunakwenda wote au hatuendi," akasema mpwa wangu. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu Mafinga. "Akasema dakika moja. Nikasema hapana."

Akamshika mwenzake mkono wa koti wakaenda moja kwa moja kwenye tangi la maji. Hawakunikuta. Bibi alikuwepo. Akawasikiliza, akafunga mwavuli, akawaleta pale hemani akauliza mkubwa ni nani. Ndiyo maana vijana wote wa vizibao walikuwa wanatafuta mwanaume mtu mzima anayefuata watoto, na ndiyo maana walinipata upesi hivyo.

Yule wa kamera naye walimpata, karibu na lango, bila kitambulisho cha wapiga picha. Wakamkata karatasi ya kiingilio mkononi wakamtoa. "Labda alitaka mwanga tu kweli," akasema dada wa miwani. "Hatukusubiri kujua."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Nilifikiria kwamba wakati mtoto wa dada yangu anasema hapana, mimi nilikuwa nimevaa uso wa paka namlinda mtoto wa mtu mwingine. Nikafungua mdomo kusema imetosha, fungasheni, tunarudi Uyole. Wasichana walijua. Walikuwa wananitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Nimelipa kiingilio," mama mkwe akasema kabla yangu, "na jukwaa bado sijaliona."

Nikafunga mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, nilitamani kumkumbatia.

Tukaenda kwenye jukwaa wote, na yule mama wa chipsi na mwanawe wa nywele za bluu wakajiunga nasi. Lakini hatukufika haraka, kwa sababu vijana walianza kumsimamisha bibi.

"Bibi, umetisha sana. Tunaomba picha." Kisha, kwa heshima, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni katibu wa umoja wa kinamama."

"Wa kwenye anime ipi?"

"Wa kwenye usharika."

Walitikisa vichwa wakaambiana kwamba hiyo lazima ni ya zamani, hawajaiona. Foleni ikatokea. Bibi aliwapanga mwenyewe, akawaambia wasimame wima, akamuuliza kila mmoja kama amekula. Mpiganaji mmoja mwenye makovu ya kuchora usoni alikiri kwamba hajala tangu asubuhi, akapewa kiazi cha kuchemsha kutoka kwenye mkoba.

Jukwaani mwanangu alipita na kundi zima la nywele za bluu, nikashangilia kwa uangalifu, nisije nikamshangilia mtoto wa mtu mwingine. Alifurahi mno kuwa mmoja wa wengi hao. Kisha akaitwa wa joho la kijani. Mtangazaji akamuuliza anatoka kwenye anime gani.

"Hayupo kwenye yoyote," mpwa wangu akasema. "Nimemtunga."

Sauti ilikuwa ndogo, mtangazaji akamsogezea kipaza sauti. Akaeleza kwamba ni mlinzi wa msitu wa Sao Hill, kule kwao Mafinga. Kiangazi moto ukianza kwenye mipaina, yeye husikia miti ikiitana, hukimbilia huko. Upanga wake hauui mtu. Ni wa kukata njia ili moto usivuke kwenda kwenye nyumba za watu. Alieleza anavyolala juu ya magogo, anavyowajua madereva wa malori ya mbao kwa sauti za honi zao, anavyoogopa upepo wa mwezi wa tisa. Alieleza mpaka mtangazaji akatazama saa, na umati ukamwambia mtangazaji amwache. Mimi mjomba wake nilikuwa nayasikia hayo kwa mara ya kwanza pamoja na watu wa Songea.

Hakushinda. Alishinda mtu wa mabawa yanayowaka taa. Mpwa wangu akashuka akiwa amekunja uso, na nilipoanza kumtafutia maneno ya kumpoza, dada mmoja wa meza za michoro alikuwa ameshamfikia kumuuliza kama anaweza kumchora huyo mlinzi, na kama yule mlinzi ana viatu au anatembea peku. Wakakaa chini kwenye nyasi wakijadili viatu. Nilisimama mbali kidogo, mahali wanaponiona.

Jioni mama mkwe alipika, na sahani yangu ilipokwisha akaijaza tena bila kuuliza. Nikala. Nikanyoosha miguu kidogo chini ya meza. Tuliongea juu ya lile roboti, juu ya mama wa chipsi, juu ya watoto wa siku hizi na wa zamani, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza mimi na yeye kumaliza mazungumzo mpaka mwisho wake. Mvua hatukuigusa.

Kesho yake tulimshusha mpwa wangu Mafinga kwa wazazi wake, tukafika Iringa jua likiwa bado lipo. Mke wangu alikuwa stendi anatusubiri, sauti imemkauka kwa kuimba. Akamkagua binti yake kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akanigeukia.

"Walikuwa salama?"

"Salama kabisa," nikasema. Nilikuwa nimepanga namna ya kusimulia tangu Makambako, nianze na yule wa kamera, kwa uzito wake, kisha niende taratibu kwenye mengine, na baadhi niyaruke.

"Mama," binti yangu akasema, akimchukua mkono, "baba alikamatwa."

Wakatangulia wawili njia nzima, mmoja akisimulia, mwingine akisimama kila baada ya hatua chache kujishika mbavu na kucheka bila sauti. Mimi nilibeba mizigo.